Hirizi Uliyonivika na Gurudumu la Kung'arishia Kalamu

Mama yangu, shikamoo.

Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua Fatuma ameisoma harakaharaka. Mdogo wangu Fatuma, msomee mama polepole, na usiruke kitu. Mama, goti linaendeleaje? Ufuta mmeshakata? Mimi ni mzima, na nakwambia mapema ili usianze kulia kabla barua haijafika katikati.

Kazi niliyopata hapa Nachingwea ni kung'arisha kalamu. Fundi Laurenti anakereza mpingo mpaka unakuwa mwembamba kama kidole. Mimi naupiga msasa, halafu naupeleka kwenye gurudumu la kitambaa lililopakwa nta, linazungushwa na mota. Mama, linakwenda kasi hilo! Kalamu unaigusisha upande wa chini wa gurudumu. Ukikosea ukaipandisha kidogo tu, linakupokonya na kuirusha. Wiki ya kwanza moja ilipita karibu na sikio langu ikagonga bati, paa! Siku ile sikula.

Kila asubuhi fundi anatukagua kabla ya kuwasha. "Saa vua. Pete vua. Mikono ya shati kunja. Mashine haina undugu!" Mimi navua saa, nakunja shati, nafunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Lakini ile hirizi uliyonivika shingoni siku naondoka Narung'ombe sikuivua. Ulisema nisiivue mpaka nifike tena mlangoni kwako. Basi nikawa naificha ndani ya shati, nafunga vifungo mpaka juu. Fundi namwogopa, lakini wewe nakuogopa zaidi.

Jumanne joto lilizidi, nikafungua kifungo. Nikainama nione kama kalamu imeshika mng'aro, hirizi ikachomoka. Sikuona kitu mama, nilisikia tu shingo inavutwa. Ule uzi wa nailoni ulioubadilisha mwenyewe ili usikatike, kweli haukukatika. Ulijiviringisha kwenye gurudumu, uso wangu ukaenda nao, kidevu kikachunika. Nikajua basi, nimekufa.

Umeme ukakatika.

Umeme wa hapa hukatika kila mara, na huwa tunautukana. Fundi alikuja mbio na kisu, akaukata uzi, kisha akakaa chini kwenye vumbi akalia, mtu mzima yule. Nami nililia. Sasa wenzangu wanabishana. Wengine wanasema hirizi ndiyo iliyouzima umeme. Fundi anasema hirizi ndiyo iliyotaka kuniua, na nikiivaa tena nisikanyage karakana yake. Mimi sijui mama, wallahi sijui. Mashine naiogopa, na kukaa bila hirizi naogopa. Nikisikia tu mota inaanza kunguruma, vidole vinakufa ganzi, na kazi yenyewe ni ya vidole.

Hirizi nimeifunga kwenye leso, iko ndani ya begi. Kesho narudi kazini shingo tupu. Nimekuvunjia neno lako, nisamehe. Nakusihi usimpe mtu aniletee nyingine, maana ukiituma nitaivaa, najijua.

Msalimie mjomba, mwambie mikono yangu yote miwili ipo. Shangazi mwambie kidonda cha kidevu kinakauka. Bibi asisomewe barua hii, mwambieni tu nimenenepa.

Jambo moja nakuomba, mama. Asubuhi ukiona watoto wanapita hapo nyumbani kwenda shule, ujue ndiyo saa fundi anawasha mota. Hapo litaje jina langu, uniombee kwa mdomo wako mwenyewe. Dua haina uzi.

Mimi mwanao mwoga,
Selemani