Nduta Ajifunza Kubeba Kichwani

Jumatatu, 26 Aprili 1954

Mji umefungwa. Tangu Jumamosi askari na wanajeshi wako kila kona. Wakikuyu wanatolewa majumbani na kupakiwa kwenye malori. Leo wamefika mtaa wetu, nyuma ya River Road.

Nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, nashona kaptula. Nduta, mke wangu, naye ni Mkikuyu, alikuwa uani anafua. Prabha, mke wa Chunilal mwenye duka, alimvuta hadi stoo akamfunika kwa majora ya khaki. Halafu akaweka kigoda mlangoni pa stoo, akakaa kuchambua dengu. Askari waliingia, wakachungulia chini ya meza, wakamtazama mama wa Kihindi na sinia lake. Hakuinua uso. Wakatoka.

Kaptula nimeishona mguu mmoja ndani nje. Mimi! Fundi ninayecheka kazi za wenzangu.

Baadaye Chunilal aliniita pembeni. "Were, bibi yako leo iko hapa. Kesho hapana. Mimi iko na watoto." Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, hata leo nisingemfungulia.

Jumanne, 27 Aprili

Tumeamua. Tunakwenda kwetu Kimilili. Kwa miguu.

Treni haiwezekani. Stesheni kila mtu anaulizwa kabila, na karani wa tiketi ni Mbukusu mwenzangu. Atamsemesha Nduta lugha ya nyumbani, na Nduta anajua salamu tu. Basi ni yale yale. Lakini barabarani wanawake wa magharibi wanapita na mizigo yao, hakuna anayewadai kipande cha kitambulisho. Changu mimi ni safi. Yeye hana karatasi yoyote. Hata ndoa yetu ni ya ng'ombe na pombe, si ya cheti. Wakimshika atapelekwa kambini, na kwa kuwa kaka yake hajulikani alipo na serikali inaamini yuko msituni, sijui kama nitamwona tena. Naogopa. Nimeandika, basi.

Nimemwambia kuanzia leo anaitwa Nanjala, jina la kwetu. Akauliza:

"Na tukifika kwa mama yako, nitaitwa nani?"

Nikajifanya natafuta mkasi.

Jumatano, 28 Aprili

Tuko Muthangari, kwa binamu yangu Lazarus, mpishi wa mzungu. Tumetoka mjini asubuhi katikati ya vibarua, Nduta amekumbatia kapu la nguo kama dobi. Hakuna aliyetusimamisha. Jasho langu lingejaza ndoo.

Peres, mke wa Lazarus, hakutusalimu kwanza. Alimvua Nduta kitambaa, akamtazama kichwa. Akasema hicho ndicho kitakachotuuza.

Alama ya ukanda! Tangu utotoni Nduta amebeba kuni na maji mgongoni, kamba ya ngozi imepita juu ya paji la uso, mpaka pamebonyea. Kidole kinalala ndani yake. Mimi nimelala kando ya alama hiyo miaka yote ya ndoa yetu, sikuwahi kuiona kuwa ni kitu. Kwetu wanawake hubeba kichwani. Hawana alama hiyo, na kila askari anajua.

Nimeshona kitambaa. Cha kwanza kilipanda juu akigeuka. Nimekifumua. Cha pili kina pindo pana mbele, kinashika vizuri. Peres anasema anafanana na mke wa mwalimu.

Alhamisi, 29 Aprili

Kitambaa kimeficha alama, sasa ni shingo. Nduta anatembea ameinama mbele, kana kwamba kuni bado ziko mgongoni. Peres amemviringishia ngata ya kanga, akamtwika debe la maji, akamwambia azunguke nyuma ya banda. Debe limemwagika. Tena. Tena! Wote wawili wakacheka hadi wakashikana. Mimi sikucheka. Nilimfokea asimame wima, kwani hajui tunakwenda wapi?

Peres akanigeukia. "Shemeji, nenda ukashone."

Nilikwenda. Sikuwa na kitu cha kushona.

Jua lilipopoa nilichungulia. Alikuwa anakuja kutoka bombani, debe limejaa, mikono chini, shingo imenyooka. Hakumwaga tone. Alipita mbele yangu bila kunitazama. Alikuwa mzuri. Na alikuwa mke wa mtu mwingine.

Ijumaa, 30 Aprili

Ugomvi mkubwa. Nilikuwa nafunga mzigo, nikakuta ukanda ndani ya blanketi. Ule wa mama yake, ngozi imekuwa nyeusi kwa mafuta na jasho. Nilimuuliza kama anataka kutuua.

Alijibu polepole. Jina ameacha, mwendo ameacha, kichwa chake kimefungwa. Hata ukanda huu?

Nikasema hata huo. Nikamnyang'anya. Mkono wake haukuachia mara moja, ilibidi nivute. Nimempa Peres auweke. Peres aliupokea kwa mikono miwili, akaniangalia vibaya.

Lazarus alirudi kutoka jikoni na habari: mzungu wake amesikia kwamba wiki ijayo watapekua vibanda vyote vya watumishi huku. Basi ni kesho. Kesho ni siku ya soko, wanawake wengi watakuwa njiani na mizigo. Nduta atatangulia nao, mimi nitafuata nyuma kama mtu asiyemjua. Akiulizwa, ni Nanjala, anamfuata mumewe kwenye shamba la chai Limuru.

Baada ya chakula Nduta alikuja kukaa karibu nami. Akataka nimwahidi kitu.

"Wakinishika, wewe hunijui. Unakaa hapo hapo ulipo. Mmoja wetu afike."

Nikasema sawa. Akasema rudia. Nikarudia, neno kwa neno. Aliridhika, akaenda kumsaidia Peres kuosha vyombo.

Nilikubali upesi mno. Hilo ndilo linalonikereketa.

Jumamosi, 1 Mei. Uthiru

Kizuizi. Mti umelazwa katikati ya barabara ya Naivasha. Wanaume tumeketishwa kwenye nyasi upande huu, vipande vyetu vimekusanywa, tunamngoja afisa. Wanawake wako kwenye mstari upande ule, wanapita mmoja mmoja. Naandika kwa penseli yangu ya ufundi ili macho yangu yasimfuate. Jirani yangu ameniuliza kama mimi ni karani. Nimesema ndiyo.

Ametembea vizuri tangu Kangemi. Mzigo juu, mikono chini. Mara moja tu, pale mlimani, shingo ilianza kuinama mbele. Nikakohoa. Ikanyooka.

Mbele yake sasa wamebaki wawili. Mmoja.

Askari ni mtu wa kwetu! Nimesikia salamu yake ya nyumbani, "mulembe". Naye Nduta amejibu "mulembe", sauti haikutetemeka. Anaulizwa jina. Amesema Nanjala, papo hapo, kama aliyezaliwa nalo. Askari amempungia mkono.

Amepita. Mungu wangu, amepita! Yuko ng'ambo ya mti, anakwenda. Usigeuke. Nenda tu, nitakukuta mbele.

Kelele kwenye kizuizi. Bibi kizee wa Kikuyu, mmoja wa wale wanaobebeshwa miti ya kujengea kambi ya walinzi. Ameanguka na mzigo wake, miti imemwagika barabarani. Anatambaa anaiokota. Askari wanacheka. Mmoja anamsukuma kwa kitako cha bunduki ainuke.

Nduta amesimama.

Nenda. Nenda, mama, nakuomba.

Amegeuka. Ametua mzigo wake kando ya barabara, amerudi, amevuka mti. Anaokota miti. Anaipanga, minene chini, anaifunga. Mikono yake haifikirii. Amemketisha bibi, amemwekea ukanda juu ya paji la uso, ameusogeza kidogo na kidole hadi ukakaa mahali pake. Sasa amezunguka nyuma, anainua mzigo huku bibi akiinama mbele. Wameinuka pamoja. Bibi amesema kitu. Nduta amemjibu, nami najua ni kwa lugha gani.

Kitambaa kimerudi nyuma. Pindo langu lote lile.

Yule askari wa kwetu ameacha kucheka. Anamtazama kichwani. Amemshika mkono. Anatugeukia sisi wanaume kwenye nyasi, anauliza kwa sauti: "Nani hapa anamjua huyu mwanamke?"

Nduta ananitazama. Anatikisa kichwa, kidogo sana, wengine hawawezi kuona. Hapana. Kaa.

Askari anauliza mara ya pili.

Penseli naiweka mfukoni. Nasimama.