Tumelia, Tukazungukia Mlango wa Nyuma

Atu, salamu baadaye. Niko nyuma ya ukumbi hapa Majengo, nina hasira kweli.

Wametuonyesha filamu ya maisha ya mwalimu mmoja mweusi wa Marekani aliyepigania haki. Kuna sehemu anaingia mgahawani, anaambiwa weusi chakula chao wanachukulia mlango wa nyuma. Akakataa. Akakaa palepale mpaka polisi wakambeba mzobemzobe.

Ukumbi mzima ulilia! Lwitiko, yule mshereheshaji wa kila shughuli mjini hapa, alilia mpaka makamasi.

Taa zikawaka. Akashika maiki, machozi hata hayajakauka: "Wageni rasmi wabaki meza kuu, watahudumiwa. Wananchi wengine tuzungukie mlango wa nyuma, soda na maandazi vipo huko."

MLANGO WA NYUMA, Atu! Hata dakika tano hazijapita!

Na watu wakanyanyuka kama kondoo, huku wanajifuta macho. "Filamu ina mafunzo sana." Mafunzo gani? Yameingilia wapi?

Bibi Jenifa peke yake, yule muuza ulezi wa Malangali, ndiye aliyesimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Jamani, si ndiyo mlango aliokataa yule mwalimu?"

Akajibiwa, "Bibi, sogea, unachelewesha foleni."

Mlango wa nyuma, Atu. Jamani.

Na aliyemjibu ni mimi. Soda ninayo mkononi, wala si ya baridi.