Filamu ya Saba

Nyuma ya Msikiti,
Tororo.
21 Oktoba 1977

Kwa Muniru, ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Neno "mpendwa" nimeliruka makusudi, ukimaliza kusoma utajua kwa nini. U hali gani huko Nakuru? Habibah mke wako hajambo, watoto wazima? Nauliza kwa dhati, maana wao hawajanikosea. Sisi huku tunapumua. Mama yako mkubwa bado magoti yanamsumbua, na sukari mara ya mwisho tuliionja Idi.

Barua hii anakuletea Ebong, dereva wa lori anayepita Malaba, kwa sababu za posta hufunguliwa na watu tusiowajua. Kwa hiyo nakuandikia bila kumumunya maneno.

Nina ugomvi na wewe. Ni wewe uliyemwandikia mdogo wangu Dauda kwamba hajaziona filamu zote za Glavu.

Unajua vizuri mambo yalivyokuwa. Yule Mhindi mwenye sinema alipofukuzwa nchini, jengo lilipewa mkubwa mmoja akaligeuza ghala. Dauda alikuwa akikata tiketi mlangoni pale, na alikuwa amekwisha kuziona zote sita za huyo jasusi wa Kizungu asiyevua glavu hata akioga. Tangu hapo Dauda ndiye sinema ya Tororo. Jioni alikuwa anakaa hotelini kwa Hasifa, pale stendi ya malori, anawasimulia watu, risasi kwa mdomo, magari kwa mdomo, mpaka wanasahau kwamba chai yao haina sukari. Heshima yake yote ilikuwa hapo. Kazi nyingine hana, wala wewe hukumtafutia.

Halafu ukaleta barua yako ya kujishaua. Eti ipo ya saba, imetengenezwa na kampuni nyingine, Glavu ni mtu mwingine mwenye ndevu nyekundu, tena anavua glavu, na wiki hiyo inaonyeshwa Busia upande wa Kenya. Dauda, mjinga wangu, akaisoma hotelini kwa sauti akidhani watacheka pamoja naye. Oundo, fundi baiskeli ambaye hajawahi kumpenda, akasimama: "Kumbe wewe nadanganya sisi! Nasema zote, na bado iko moja!"

Dauda akajibu kwamba Glavu anayevua glavu si Glavu, hiyo haihesabiki. Nusu wakamwunga mkono, nusu wakamzomea. Walibishana siku nenda siku rudi, vikombe vya Hasifa vikavunjika, majirani wakaacha kusalimiana. Watu wazima, Muniru! Watu wanapotea wakienda sokoni, nao wanagombania glavu. Ningekuwa na nguvu ningewachapa wote, nikianza na wewe.

Dauda hakuweza kuikataa filamu ambayo hajaiona. Akachukua baiskeli hadi Busia, akavuka kwa njia za shambani. Nilimwomba aniletee chumvi na sabuni, akakataa. Alisema wanajeshi wanakamata wenye magendo, yeye atarudi mikono mitupu, watamkamata kwa lipi? Hiyo ndiyo akili ya mtu wa sinema. Hapa hakuna anayetoka Kenya bila hata kiberiti. Wangemkuta na sabuni wangempokonya sabuni, wakampiga makofi mawili, akaja nyumbani kulala.

Walimkuta hana kitu. "Wewe natoka Kenya mukono tupu? Hata sabuni hapana? Basi wewe napeleka nini kule? Napeleka maneno!" Akawaambia alikwenda kuangalia sinema. Wakamwuliza sinema gani. Akasema ya jasusi. Ndivyo alivyowajibu, Muniru, kwa sababu kudanganya hajui.

Tulimtoa kambini kwa cherehani ya mama, na kwa mimi kupiga magoti mbele ya mtu nisiyetaka hata kumtaja. Taya limevunjika. Amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini na anakunywa uji kwa mrija. Kuongea hawezi, na daktari hasemi kama ataweza tena. Huko kwa Hasifa bado wanabishana kama ya saba inahesabika. Aliyekuja kumtazama ni Oundo peke yake. Alileta maziwa, akaondoka, na bado simtaki.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Jana Dauda aliniandikia kwa mkaa ukutani kwamba mwisho wa filamu hakuuona. Alitoka mapema ili awahi kuvuka kabla ya giza. Na kwao hao watu wa Glavu, filamu usiyoiona hadi mwisho hujaiona. Akaandika kwamba akipata nguvu atarudi Busia. Nilimchapa bega, kisha nikaketi sakafuni nikalia.

Utafanya hivi. Usimweleze mwisho wa filamu, maana ukimweleza atataka auone kwa macho yake. Pole zako pia baki nazo, zimechelewa. Mwandikie kwamba umeulizia kwa wanaojua, kwamba ulikosea, kwamba ya saba haihesabiki na haitahesabika. Kama moyoni unaamini inahesabika, danganya. Anakuamini wewe kuliko sisi wote, sijui kwa nini. Ebong ataegesha lori mlangoni kwako akungoje umalize kuandika.

Nisalimie Habibah, na Aboth, jirani yenu aliyetulelea watoto mwaka ule tulipokuwa kwenu. Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko uliko, na akukumbushe jinsi ulivyo salama.

Mama yako mkubwa anakusalimu sana na kila swala anakuombea. Hajui kwamba barua ile ilitoka kwako. Dauda akivuka tena, nitamwambia mama siku ya matanga yake.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa shida,
Kulusumu