Joho la Noémia

Covilhã, Machi

Mwanangu Graciete,

Sisi tupo, na baridi imeanza kupungua. Mwokaji wetu kastaafu, kwa hiyo mkate naufuata mjini juu, napanda lifti ya umma ya kilimani pamoja na wanafunzi wanaopiga miayo. Chumbani kwako bado anakaa Noémia, yule anayesomea udaktari.

Jumapili baba yako alilikuta joho lake jeusi la chuo sebuleni, akalishona pale lilipochanika. Akamkabidhi huku anacheka: "Nani kakuacha utembee na matambara, binti?"

Noémia alilipokea kwa mikono miwili. "Asante, mzee. Umeshona vizuri."

Kisha akaja jikoni kwangu akalia. Pale palichanwa na mama yake, Noémia alipofika mwaka wa mwisho, kwa upendo, kama desturi, kama sisi tulivyokuchania lako. Huyo mama tulimzika Novemba.

Baba yako kawashonea wanafunzi majoho maisha yake yote, Graciete. Hakuna aliyetoka dukani kwake bila kuambiwa kwamba mchano wa mzazi haushonwi.

Usingoje likizo ya Agosti. Njoo wakati baba yako angali anakuita kwa jina.

Mama yako,
Leopoldina