Mluzi wa Lamboni

Pacha wangu Kulwa,

Leo walikuita "shujaa wetu" mara nne, na kila mara nilitamani kusimama niulize: wenu tangu lini?

Siku ya Mashujaa imeadhimishwa hapa Bariadi. Tarumbeta ililia, tukanyamaza dakika nzima. Wakaweka mkuki na ngao, mzee mmoja kutoka Maswa akaweka upinde na mishale, kisha shada la maua. Mama alikaa mbele chini ya turubai, amepakata picha yako ya sare, ile ambayo hucheki. Watu nisiowajua walimwinamia na kumpa pole. Najua nilitakiwa kujivunia. Lakini nilijisikia kama mtu anayetazama wageni wakigawana nguo za ndugu yake. Mimi na wewe tulikula sahani moja mpaka darasa la tano. Sikuzoea kukugawa.

Unakumbuka lamboni? Wewe ulinywesha ng'ombe upande huu wa bwawa, mimi nikichuma pamba na bibi upande wa pili. Jua likishuka, ulipiga mluzi: miwili mifupi, ng'ombe wakainua vichwa, halafu mmoja mrefu unaozama mwishoni, na huo ulikuwa wangu.

"Wa tatu ni Doto," uliniambia. "Ng'ombe hawaujui."

Nami nilikujibu kwa mluzi, bibi akafoka, "Wewe msichana, unaita nyoka?"

Ukapaza sauti kutoka ng'ambo, "Nyoka ndiye mimi, bibi! Nakuja!"

Baada ya gwaride, Hamisi alikuja nyumbani. Ni yule koplo wa Tanga uliyekwenda naye kulinda amani, aliyerudi akiwa amebeba jeneza lako. Ilikuwa saa tisa alasiri, naye akamsalimia mama kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu!"

Mama aliangua kicheko. "Jua limeshageuka, baba, wewe ndiyo kwanza unaamka?"

"Kulwa alinifundisha hiyo moja tu, mama. Akasema inatosha kupata ugali."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Mimi sijaweza kumchekesha hivyo tangu tulipokuzika. Nilimwonea wivu yule mtu, Kulwa. Niliuonea wivu mkono wake wenye kovu, kwa sababu ulikushika siku uliyoanguka, wakati mimi nilikuwa darasani nikifundisha watoto wa watu kujumlisha. Ana miaka yako miwili ya mwisho. Mimi nina picha ambayo hucheki.

Nikampeleka kaburini, nyuma ya nyumba. Alisimama wima, akapiga saluti, kisha akalowesha midomo na kupiga mluzi. Miwili mifupi.

Kumbe na huo ulimpa! Nilisikia chuki, niseme ukweli, na sehemu yake ilikuwa chuki juu yako. Nikangoja wa tatu. Nilijiambia, akiupiga huo, sitakuja tena hapa. Nitamwachia yeye na mama na serikali.

Hakuupiga. Alishusha mkono, akanigeukia.

"Alikuwa anatuamsha hivyo kambini. Tulikuwa ng'ombe wake. Dada, nimeupatia?"

Macho yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa anauliza kama mtoto anayeonyesha daftari, na mwalimu mwema angemsahihisha.

"Umeupatia, afande," nikasema. "Ni huo huo, hakuna zaidi."

Akashukuru. Bodaboda ikamchukua kuelekea Somanda, vumbi likatua, nikabaki na wewe. Nikapiga wa tatu, mrefu, ukazama mwishoni kama ulivyouzamisha.

Mama akaita toka uani, "Doto! Nani huyo anapiga mluzi makaburini?"

"Ni Hamisi, mama," nikajibu, "amesahau kitu."

Nimewadanganya Hamisi na mama siku moja, na sijutii. Mwakani watakuita shujaa wao tena, nami nitakaa kimya chini ya turubai. Waache wachukue ile miwili mifupi.

Lala, nyoka wangu.

Niliyekufuata kutoka tumboni,
Doto