Bei ya Kobe Asiyetembea

Jumatatu, 4 Machi

Mama ametangaza: Kobe anauzwa! Kobe ni gari la marehemu Baba. Limelala uani chini ya turubai miaka minne, halijawaka tangu tumzike mwenyewe. Sasa paa la jikoni linavuja, mvua zinakaribia, na Mama amechoka kupika huku ameshika mwavuli.

Sina la kubisha. Ila Kobe namtaka mimi. Kinyozi wa viti viwili kama mimi anataka gari la kale — makubwa haya! Neno hilo nimelimeza kwa maji.

Dada kafurahi kupita kiasi. Eti takataka hiyo iondoke hata leo. Karani wa benki huyo, hata salamu anaipigia hesabu.

Jumatano, 6 Machi

Fundi kaja. Mnene, mpole, anaongea na injini kama anabembeleza mtoto. Kaizungusha kwa mkono — haijakwama. Akasema bei ziko mbili. Gari likiwaka, Mama anapata paa zima na chenji juu. Lisipowaka, ni bodi na viti tu, labda nusu ya paa. Jumamosi atakuja na betri, ajaribu kuliwasha mbele ya mnunuzi.

Dada kamuuliza mara mbili: lisipowaka ni nusu, una uhakika? Pupa tu.

Nusu ya paa... Nikikopa kidogo, hiyo naiweza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya.

Nimechomoa rota — kidude cha kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho Kobe hata kukohoa hakohoi. Nimekificha ndani ya soksi. Soksi yangu ya harusi za watu!

Nafsi inanisuta. Mama yangu mzazi apikie chini ya nusu ya paa? Najiambia nusu nyingine nitaimalizia polepole. Najiambia tu. Nilivyo mzito wa kulipa, najijua.

Mchana nilimkuta Dada uani, ati anakagua kamba ya kuanikia. Nguo zake anaanika kwake! Ana lake.

Jumamosi, 9 Machi

Aibu!

Mnunuzi kafika saa nne. Mstaafu, miwani kaifunga kwa uzi, kampangusa Kobe kwa leso yake mwenyewe. Nilimchukia papo hapo. Fundi kafunga betri, kachungulia injini. Kisha akasema kwa upole wake ule ule: kuna vitu viwili vimechomolewa, tena juzijuzi, alama za vidole ziko kwenye vumbi. Rota, na waya wa koili unaoiletea moto.

Viwili! Mimi nilichukua kimoja.

Nikamtazama Dada. Dada akatazama mkoba wake.

Mama hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema anakwenda kuchemsha chai, akirudi amkute Kobe ana viungo vyake vyote.

"Mwizi we," Dada kaninong'oneza.

"Wakubwa kwanza, Dada."

Nikaleta soksi. Akafungua mkoba, waya huo, kauviringisha kwa stakabadhi ya benki! Kumbe naye alikuwa akipiga hesabu ya nusu bei. Akasema Baba alimfundisha kuendesha humo. Nikamkumbusha geti aliloliangusha. Akacheka, kisha akalia. Kwa nini hatukuambiana? Tukiunganisha vijisenti vyetu, labda paa zima tunaliweza. Lakini nani atamwambia Mama? Wewe. Hapana, wewe.

Fundi karudisha vyote. Akasema: Mama, ufunguo tafadhali.

Ufunguo umekuwa ukining'inia kwenye msumari kando ya jiko tangu Baba afariki. Hakuna anayeugusa. Nimeufuata mwenyewe — msumari mtupu! Nikamwangalia Dada. Kaapa si yeye, na safari hii nimemwamini.

Mama kasema ajabu, jana ulikuwepo. Kisha akauliza, kwani gari ni lazima liwake ndipo lipewe bei?

Saa saba sasa. Naandika hapa jikoni, nimejidai naosha vikombe. Mstaafu yuko kwenye kikombe cha tatu, ananyoosha shingo mlangoni: basi Mama, bei ngapi? Mama kamjibu bado tunapiga hesabu. Anakoroga chai ambayo hajaitia sukari. Mkono wa pili uko ndani ya mfuko wa sweta, ngumi imefumbwa.

Dada ananikanyaga mguu, niseme. Mvua imeanza. Tone limeangukia ukurasa huu, jingine limeangukia chai ya Mama. Anaendelea kukoroga, na mkono hautoi.