Ziwa Refu Ukutani Temeke

Tabu mwenzangu,

Ramani yako bado ipo ukutani, darasani kwetu Temeke. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeniuliza kabla hata ya salamu.

Ilibaki kidogo tu ishushwe. Tangu tukuzike, Mwalimu Mkuu alikuwa akiitazama kwa jicho baya. Unamjua. Eti ramani gani ya Wazungu wa kale, nchi nzima ina ziwa moja refu kama muhogo! Wiki iliyopita akasema watu wazima hawaji kisomo jioni kufundishwa uongo wa wakoloni. Nikamwomba jioni moja tu, Tabu. Uliinakili kwa mkono wako, na mie sina kingine chako.

Basi nikawauliza wanakisomo, hili ni ziwa gani? Weee! Mama Tusa wa Kyela akasema ni Nyasa, maji yake ameyanywa tangu utotoni. Mzee Hamisi wa Ujiji akaruka, Nyasa wapi, hilo Tanganyika, yeye kavua dagaa humo. Yule mpakuzi wa bandarini kutoka Musoma akawacheka wote wawili, akasema ni Viktoria. Kelele mpaka majirani wakachungulia dirishani.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nikawaambia, kila mtu aje aweke kidole pale mto wa kwao unapoingia ziwani. Mama Tusa akaweka Kiwira, kule chini kabisa. Mzee Hamisi akaweka Malagarasi, katikati. Yule wa Musoma akaweka mto wao Mara, juu kabisa. Vidole vitatu, ziwa moja. Wakatazamana.

"Kumbe huyu mchoraji alituuliza sote," akasema Mama Tusa, "akadhani tunasema habari moja!"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikalia, mwenzangu, sikuona haya.

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni muda wote. Akaingia, akainamia ramani, akatafuta juu, akatafuta chini. Nikajua sasa anaing'oa. Akageuka amenuna: "Na ziwa letu sisi wa Rukwa je? Mbona sisi hawakutuuliza?"

Kasema isiguswe mpaka Rukwa lipatiwe mahali pake.

Pumzika kwa amani, Tabu. Darasa lako nimelichukua mie, na nakuahidi, hilo Rukwa sitafanya haraka kulitafuta.

Mwenzako,
Zuhura